Kubadili paipu na mipira ya breki za pikapu nyumbani: kipi kinabadilika kweli

Watu wakishanyanyua pikapu, wakafunga tairi kubwa na bampa la chuma, kinachofuata kichwani huwa ni breki. Mtu anaingia mtandaoni anakutana na mipira ya breki iliyofumwa kwa waya, inang'aa, mingine nyekundu mingine bluu, anaambiwa ukifunga hii gari inasimama hapo hapo. Anaagiza, inafika, anafunga Jumamosi na jirani yake, Jumapili anatamba breki zimekuwa kali. Sasa hili jambo lina ukweli kidogo na chumvi nyingi, na ile sehemu yenye faida kubwa ndiyo haizungumzwi kabisa maana iko chini ya gari, ina tope na haing'ai.

Nitaongelea Toyota Hilux, yaani Vigo na Revo na zile za zamani za kabla yake, kwa sababu ndizo zimejaa huku kwetu na ndizo watu wanazifungua wenyewe uani. Gari yako ikiwa nyingine mengi yanafanana ila nyuzi za nati na saizi za spana cheki mwenyewe.

Kwanza njia yenyewe. Ukikanyaga pedeli, busta inakuongezea nguvu, masta silinda inasukuma breki fluidi, na kwa kuwa fluidi haibanwi kama upepo unavyobanwa, presha uliyotengeneza pale mguuni inatokea kwenye kila gurudumu. Inasafiri kwenye paipu nyembamba za chuma zilizobanwa na klipu kwenye chasisi. Lakini gurudumu halitulii, linapanda na kushuka na la mbele linakata kona, kwa hiyo kipande cha mwisho lazima kiwe mpira unaopinda. Mbele kuna mipira miwili, kushoto na kulia. Nyuma mpira unatoka kwenye chasisi unashuka mpaka kwenye ekseli karibu na difu, pale paipu zinagawanyika, moja dramu ya kushoto moja dramu ya kulia.

Kwa hiyo mtu akikwambia nataka kubadili laini za breki muulize zipi, mipira au paipu? Ni kazi mbili tofauti kabisa. Mipira unafungua na kufunga, mtu mwenye spana sahihi na subira anamaliza siku hiyo hiyo. Paipu ni kukata, kukunja na kufleya (kupanua mdomo wa paipu), na hapo ndipo wengi wanapoharibu.

Je, breki zinakuwa kali?

Kiukweli hapana, sio kwa maana wanayoiuza. Nguvu inayosimamisha gari inatokana na presha ya fluidi, ukubwa wa pistoni kwenye kalipa (kile kinachobana pedi kwenye diski), pedi zinavyoshika diski, ukubwa wa diski, na mwisho wa yote tairi inavyoshika barabara. Paipu na mpira humo hawamo, kazi yao ni kupitisha presha tu. Kinachobadilika ni kwamba mpira wa kawaida ukipata presha unavimba kidogo, kwa hiyo sehemu ya safari ya pedeli inaishia kuvimbisha mpira. Ule wa waya ndani una bomba la teflon na juu limevikwa waya wa stenlesi, hauvimbi karibu kabisa, na pedeli inakuwa ngumu na inajibu mapema. Hiyo unaihisi mguuni, ni nzuri, lakini umbali wa kusimama kwa gari nzima ni ule ule.

Halafu kuna kitu kingine ambacho muuzaji hawezi kukwambia. Ukibadili mipira lazima utoe fluidi ya zamani, uweke mpya na utoe upepo wote. Gari ambayo haijaguswa fluidi miaka sita, ukiifanyia hivyo hata na mipira ile ile ya kawaida, pedeli itapanda na utasema breki mpya. Na kwa Hilux yenye dramu nyuma kuna jingine tena, ukishafungua magurudumu unaadjasti dramu, na dramu zilizolegea ndizo kwa sehemu kubwa zinafanya pedeli ishuke chini sana. Sasa huyo aliyebadili vyote siku moja anaipa sifa mipira ya waya peke yake. Si haki.

Na msiidharau mipira ya kawaida. Kiwango cha Marekani kinachoitwa FMVSS 106, ndicho kinachofanya mpira uandikwe DOT, kinataka mpira mwembamba wa breki uvumilie presha ya psi 4,000 (psi ndiyo kipimo cha presha) kwa dakika mbili bila kupasuka na usipasuke chini ya psi 7,000, pia uchezeshwe kwenye mashine masaa 35 mfululizo. Wewe hata ukikanyaga kwa hofu mbele ya ng'ombe mara nyingi hufiki psi 2,000. Kwa hiyo mpira wa kampuni ukiwa mpya haukosi nguvu. Mpira mbaya ni ule uliozeeka na ule wa bei chee usio na maandishi yoyote, uwe wa mpira au wa waya. Tena wa waya usio na maandishi ndio hatari zaidi, kwa sababu pale ncha inapobanwa na chuma ndipo inapochomoka, na kwa nje huwezi kuona kama imebanwa vizuri.

Mpira unavyokufa ukiwa unaonekana mzima

Hapa ndipo nataka watu wakae kidogo. Wengi wanakagua mpira kwa nje, wanaukunja, wasipoona nyufa wanasema mzima. Nyufa ni dalili ndiyo, lakini mpira wa zamani unaharibika pia kwa ndani, ile tabaka ya ndani inavimba au inabanduka kipande kinabaki kinaning'inia. Ukikanyaga breki, presha yako ni kubwa, inakisukuma na kupita. Ukiachia, fluidi inatakiwa irudi yenyewe, ile presha ya kurudi ni ndogo, kipande kinaziba njia. Matokeo yake kalipa inabaki imeshika. Gari inavuta upande mmoja, rimu ya upande huo inakuwa ya moto kuliko mwenzake, pedi zinaisha upande mmoja, mafuta yanaenda zaidi. Mwenye gari anaipeleka gereji anabadilishiwa kalipa nzima na tatizo linarudi.

Kipimo chake ni rahisi. Tembeza gari mpaka ishike, simama, nyanyua gurudumu, jaribu kulizungusha kwa mkono. Likiwa limeshika, fungua nipeli ya kutolea upepo pale kwenye kalipa kidogo tu. Likiachia hapo hapo maana yake kulikuwa na presha imefungiwa, sasa funga nipeli, mtu akanyage na kuachia tena, likishika tena legeza nati ya paipu upande wa juu wa mpira. Likigoma kuachia hapo juu ila ukifungua nipeli linaachia, basi mpira ndio umeziba. Ukifungua nipeli na bado limeshika, hapo sawa kagua pistoni na pini za kalipa.

Na kuna tabia moja inaua mipira mingi huku kwetu: fundi anabana mpira kwa vaisigripu (koleo la kujifunga) ili fluidi isimwagike akibadilisha pedi, au anafungua kalipa anaiacha inaning'inia kwa mpira wakati anaenda kunywa chai. Kwa nje utaona alama ndogo tu, ndani pameshapondeka. Mpira wa waya ukiubana hivyo ndio umeutupa, teflon haisamehe mkunjo.

Kutu, na gari iliyokuja nayo

Upande wa paipu adui ni kutu. Ukiwa Dar, Tanga, Mombasa au Unguja upepo wa bahari unajulikana, lakini wengi hawajui kwamba gari inaweza kushuka bandarini ikiwa tayari imeliwa. Kaskazini mwa Japani, Hokkaido na maeneo ya Tohoku, kipindi cha theluji wanamwaga chumvi barabarani, na Uingereza ni hivyo hivyo. Gari iliyotumika huko miaka kumi ukiangalia bodi juu inameremeta, ukilala chini na tochi unakutana na paipu zimevimba magamba ya kahawia.

Usiangalie tu pale panapoonekana. Paipu zinaozea chini ya klipu ambako tope linakaa na unyevu haukauki, juu ya tenki la mafuta ambako mkono haufiki, na juu ya ekseli ya nyuma ambako mawe yanapiga. Toa klipu moja, sugua kwa brashi ya waya taratibu. Ukiona uso wa paipu una vishimo, hiyo paipu imekwisha, haijalishi kwamba leo haivuji. Itavuja siku ukikanyaga kwa nguvu kuliko kawaida, yaani siku ile unayoihitaji zaidi.

Sasa unaweka nini? Paipu ya kampuni ni chuma cha kuta mbili kilichopakwa kinga, imara ila kinga ikichubuka kutu inaanza, na kwa mtu wa nyumbani ni ngumu kukunja na kufleya kwa mashine ndogo. Shaba tupu inakunjika vizuri na haioti kutu, ndiyo maana utakuta fundi anachomoa paipu la friji anaunga breki nalo. Mimi hiyo siishabikii. Shaba tupu ikitikisika muda mrefu inagumuka na kupasuka, hasa pale kwenye shingo ya fleya, na lile la friji mara nyingi hata kipenyo chake hakilingani na nati, analazimisha. Ulaya kuna paipu za shaba zinauzwa maalumu kwa breki, zina vipimo vyake, lakini hicho sio kilichopo kwenye begi la fundi friji.

Ninayoipendekeza ni ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, kama asilimia 90 shaba na 10 nikeli na chuma kidogo. Volvo walianza kuitumia kwenye magari yao mwaka 1976 na sio wao peke yao siku hizi. Haiozi kwa chumvi, inakunjika kwa mkono na inafleya vizuri hata na kifaa cha bei nafuu. Kwa Hilux unahitaji ya kipenyo cha milimita 4.75, wengine wanaiita tatu kwa kumi na sita ya inchi. Kariakoo pale Gerezani au Nairobi Kirinyaga Road ukiuliza paipu ya breki tu utapewa yoyote, kwa hiyo taja kipenyo, na ukwaruze kidogo kwa kisu uone rangi ya ndani, maana kuna za chuma zilizopakwa rangi ya shaba juu.

Fleya, na nati zinazodanganya

Ncha ya paipu inapanuliwa ili ikae kwenye kiti chake na nati iibane. Huko kupanua ndiko kufleya. Toyota na Wajapani wengi wanatumia fleya ya kukunjwa mara mbili, pembe ya digrii 45, mdomo umekunjwa kuelekea ndani. Magari mengi ya Ulaya yanatumia ile yenye kichwa cha mviringo kama uyoga. Mtego uko hapa: nati zote mbili zinaweza kuwa na nyuzi za skrubu zile zile, M10 kwa 1.0, kwa hiyo paipu iliyotengenezwa kwa ajili ya gari la Ulaya inaingia kwenye Hilux yako, inakaza, unaona safi, lakini fleya na kiti havikutani vizuri. Inaweza isivuje siku ya kwanza. Ukinunua paipu zilizotengenezwa tayari, angalia mdomo kabla ya kuangalia nati.

Kufleya mwenyewe sio uchawi ila kunataka utulivu. Kata paipu kwa kikata paipu cha gurudumu, msumeno unaacha mdomo umepinda na unga wa chuma ndani. Kwangua mdomo ndani na nje mpaka uwe laini. Ingiza nati kwanza, narudia, ingiza nati kwanza na uelekeo wake uwe sahihi, maana hili linawapata hata wazoefu, fleya inatoka nzuri halafu nati iko mezani. Bana paipu kwenye mashine, urefu unaotokeza upime kwa ile ngazi ya kidude cha kusukumia, paka tone la breki fluidi, kandamiza hatua ya kwanza mdomo unavimba, toa kidude, kandamiza hatua ya pili mdomo unajikunja kuingia ndani. Kisha utazame kwenye mwanga. Ukiwa umeegemea upande, una ufa, au uso una mkwaruzo, kata tupa anza upya. Ndiyo maana unakata paipu ndefu kidogo kuliko unayohitaji. Pima urefu kwa waya laini unaoukunja kufuata paipu ya zamani, na paipu ya zamani usiitupe mpaka umemaliza, ndiyo ramani yako.

Na kuunga paipu katikati kwa zile viunganishi vya pete ya kubana, za maji au za mafuta, hapana. Hazikutengenezwa kwa presha hii. Ukilazimika kuunga, unga kwa fleya pande zote mbili.

Gari iliyonyanyuliwa, iliyoongezwa springi, na ile valvu ya nyuma

Hii ndiyo sehemu yenye fundo kubwa na ndiyo imenifanya niandike. Ukinyanyua gari, mpira wa breki unavutwa. Wengi wanapima gari ikiwa imesimama chini, wanaona mpira una nafasi, basi. Pima hivi: nyanyua gari kwa chasisi, weka kwenye stendi, magurudumu yaning'inie mpaka mwisho wa shokapu. Zungusha usukani mpaka mwisho kushoto, kisha kulia, huku ukiangalia mpira. Ukiona umenyooka umekaza, hautoshi, hata kama barabarani hali hiyo inatokea mara moja kwa mwezi kwenye korongo. Hapo ndipo mpira mrefu wa waya una kazi ya kweli, kwa sababu mrefu wa kampuni kwa gari yako iliyonyanyuliwa haupo. Wengine wanashusha bracketi tu, nayo ni njia halali kwa mnyanyuo mdogo.

Sasa nyuma. Hilux nyingi zina valvu ya mzigo, imefungwa kwenye chasisi na ina fimbo au springi ndefu iliyoshikana na ekseli. Gari ikiwa tupu mgongo uko juu, fimbo inaiambia valvu punguza presha ya nyuma, kwa sababu nyuma hakuna uzito na tairi zitajifunga gari izunguke. Ukipakia mahindi mgongo unashuka, valvu inafungua, nyuma inapata presha zaidi. Akili nzuri sana, na imekaa bila umeme wowote. Nyingine zina na njia ya pili, breki za mbele zikifeli valvu inaruhusu presha yote iende nyuma, ndiyo maana ukilala chini unaweza kukuta paipu mbili zinaingia pale, usishangae na usiizibe mojawapo.

Ukinyanyua gari sentimita tano bila kuigusa hiyo fimbo, valvu inaamini gari ni tupu siku zote. Unapakia tani nzima, nyuma inashika nusu nusu, mbele inabeba kazi yote, pedi zinaisha, diski zinapata moto. Na hapa Afrika Mashariki tuna ugonjwa mwingine ambao watengenezaji hawakuufikiria: kuongeza majani ya springi ili gari ibebe zaidi. Mgongo haushuki tena hata ukipakia mawe. Yaani gari imepakia kupita uwezo na valvu inasema iko tupu! Mtu anashuka mlima Kitonga kule Iringa na mzigo huo, anategemea breki za mbele peke yake, zinachemka, halafu tunasema breki zilikatika.

Dawa sio kuing'oa. Utamsikia fundi, "Bosi, hii valvu inasumbua tu, tuiunge moja kwa moja." Akiunga moja kwa moja, gari ikiwa na mzigo utaiona nzuri, lakini siku uko tupu, mvua imenyesha, ukikanyaga ghafla nyuma inajifunga na gari inageuka inakuangalia ulikotoka. Dawa ni kurefusha fimbo au kushusha bracketi yake kwa kiasi kile kile ulichonyanyua, kisha kuijaribu sehemu ya wazi ikiwa tupu na ikiwa na mzigo. Kwa aliyeongeza springi hakuna fimbo itakayorekebisha kila kitu, apunguze mzigo.

Kufunga

Siku moja kabla, piga brashi nati zote na upulizie dawa ya kulegeza kutu. Gari ikae kwenye stendi za chuma, sio tofali, tofali linapasuka bila taarifa. Tumia ile spana ya nati za paipu yenye mdomo uliokatwa kidogo, inashika pande tano, namba 10 kwa Hilux nyingi. Spana ya kawaida italiharibu lile pembe na baada ya hapo ni vita. Nati ikigoma na paipu unaibadili hata hivyo, kata paipu karibu na nati uvae soketi.

Ili fluidi isimwagike yote, kanyagisha pedeli sentimita chache kwa kipande cha mbao kati ya pedeli na siti. Ile njia ndogo ya kwenye masta inajifunga na kontena la fluidi halimwagiki. Taa za breki zitawaka muda wote kwa hiyo chomoa betri. Ukiona tone limeanguka kwenye rangi ya gari mwagia maji mengi mara moja, breki fluidi inakula rangi.

Nati anza kwa vidole mizunguko kadhaa ndipo spana, Toyota kwa paipu nyingi za breki wanataka kama Nm 15 tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), sio kazi ya kuning'inia. Pale palipo na bolti yenye tundu inayoshika mpira kwenye kalipa weka washa mpya za shaba, mbili, juu na chini. Mpira usijisokote, ukishakaza angalia haujapinda kama umesokotwa, zungusha usukani kote kote tena. Na ule wa waya usiguse kitu chochote, kwa sababu unakata, utakula paipu ya jirani, waya wa ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga), hata chasisi. Ndiyo maana chukua wenye gamba la plastiki juu, gamba hilo pia linazuia mchanga usiingie kwenye waya na kusaga teflon kwa ndani. Barabara zetu za vumbi, wenye waya wazi mimi siuweki.

Kutoa upepo

Fluidi nayo ina madaraja yanayoandikwa DOT na namba. DOT 3 mpya inachemka nyuzi joto 205, ikishanyonya maji inashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 na 155. Hizo za pili ndizo za kuangalia, maana fluidi inanyonya unyevu hewani kila siku, na ikichemka inatoa mvuke, mvuke unabanwa, pedeli inazama. Ndicho kinachotokea kwenye mteremko mrefu. Weka DOT 4 ya kopo lililofungwa, inachanganyika na DOT 3 bila shida. DOT 5 ni silikoni, hiyo usichanganye kabisa. Na kuna wanaoongezea oili ya injini au maji ya sabuni wakikwama njiani. Oili ya injini hata kidogo inavimbisha raba zote kuanzia masta mpaka silinda za nyuma, ukikuta imewekwa hesabu kubadili raba zote.

Anza gurudumu la mbali zaidi na masta. Kwa gari zetu za usukani wa kulia ni nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mwisho mbele kulia. Kama valvu ya mzigo ina nipeli yake nayo itoe upepo. Chomeka mpira wa plastiki unaoonyesha ndani kwenye nipeli, ncha nyingine izame kwenye chupa yenye fluidi kidogo. Kijana wako akae kwenye pedeli, unamwambia kanyaga shika, unafungua, unafunga, ndipo unamwambia achia. Asiachie kabla hujafunga. Kama masta ni ya zamani weka kipande cha mbao chini ya pedeli isifike sakafuni, maana raba za ndani zikipita sehemu zisizozoea kupita zinachanika. Na kontena lisikauke, kila baada ya kukanyaga mara chache ongeza. Likikauka kwenye gari yenye ABS upepo unaweza kuingia kwenye pampu ya ABS na hapo utahitaji mashine ya kupimia ili uutoe. Gari zenye busta ya umeme, kama Prado kadhaa, zina utaratibu wao tofauti, fuata kitabu cha gari.

Ukimaliza, injini ikiwa imezimwa kanyaga kwa nguvu zako zote ushikilie dakika nzima. Pedeli ikizama polepole kuna mahali panavuja au masta imechoka. Washa injini, pedeli ikishuka kidogo ni busta inafanya kazi, hiyo sawa. Pitia kila nati na karatasi kavu ya tishu, bonyeza uone kama inalowa, jicho peke yake linapitwa. Kisha endesha mwendo wa mguu uani, ukanyage mara kadhaa, ndipo utoke nje ya geti. Baada ya wiki rudi chini na tochi na tishu nyingine. Ukikuta nati ina unyevu usiikaze zaidi, ifungue utazame fleya.